Boya Jekundu

Saa nane na robo usiku, inaamka.
Kwanza mguno, kama wa mtu aliyegeuzwa usingizini,
kisha ngurumo fupi,
kisha bomba linakohoa nje, upande wa mtaro.
Nahesabu: sekunde arobaini na mbili.
Jana zilikuwa thelathini.
Mke wangu, bila kufumbua macho:
"Yamepanda?"
"Yamepanda."

Loresho, mwezi wa tano. Mvua ya juu imekatika siku tatu.
Ya chini haina habari.

Fundi Musembi alipokuja mara ya kwanza
aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akanusa,
akagusisha ulimi kama anayeonja mchuzi wa mwenzake.
"Si ya choo. Si ya kanjo.
Haya ni ya hapa hapa. Mgeni ni wewe."

Wahenga waliniasa nizibe ufa nisije nikajenga ukuta.
Mimi nilianza na ukuta:
zege la inchi tisa, nondo, lami juu yake,
na maji yakapita katikati ya vyote bila kubisha hodi,
yakaacha ukungu wa chumvi
kama jasho lililokauka kwenye shati la samawati.
Yakayalainisha maboksi.
Yakafungua madaftari ya duka la baba
na wino wake ukatambaa,
deni la Wamaitha likaingia kwa Shabir,
sukari ikawa mafuta ya taa,
hata sijui tena nani alimlipa nani
mwaka ule niliozaliwa.

Basi Musembi akachimba pembeni
shimo la kina cha mtoto wa darasa la tatu,
akashusha pipa lililotobolewa, akalizungushia kokoto,
akaikalisha pampu na boya lake jekundu.
"Likielea, inawaka. Likilala, inazima.
Haina akili zaidi ya hiyo.
Hapa vali, yaliyotoka yasirudi.
Hapa betri, maana stima zetu unazijua."
Nazijua.
"Na yataisha lini?"
Akacheka, akifuta koleo.
"Hayaishi. Unayaambia tu yangoje."

Sisi wa juu, maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa,
yakipenda.
Asubuhi moja Ekiru, bawabu wa lango la pili,
alisimama mbele ya mdomo wa bomba langu
akiyatazama yakienda zake mtaroni.
"Unayafukuza?"
Nilitafuta jibu la kumpa mtu wa Lokichar,
ambako kisima huchimbwa mchangani
hadi aliye juu asimwone aliye chini.
Jina lake, kwao, ni la mtoto aliyeletwa na mvua.
Kesho yake alikuja na mtungi.
Keshokutwa mitungi sita, ya njano, na ugomvi wa foleni.
Si ya kunywa, niliwaambia. Wakanitazama tu.
Ya kufulia. Ya kudekia. Ya sukuma wiki nyuma ya kibanda.

Usiku transfoma ilipolipuka
betri ilijikaza hadi saa kumi, ikakata roho.
Boya lilikuwa linaelea, jekundu, zuri,
likimwita mtu ambaye hayupo.
Ekiru alishuka ngazi na tochi mdomoni,
viatu kaviacha juu kama anayeingia msikitini.
Ndoo, ndoo, ndoo. Hatukusemezana.
Karibu na alfajiri aliweka kiganja ukutani,
mahali maji yanapochungulia.
"Baridi," alisema.
Ndilo jina la mji huu, waliloliacha wenye ng'ombe,
ila sikuwa na pumzi ya kumwambia.

Sasa arobaini na mbili.
Boya limelala. Vali imebana kwa kishindo kidogo,
kama mlango wa kabati.
Chini ya kitanda chetu, chini ya zege, yanajikusanya upya
bila haraka, kwa ustaarabu wa wenye kwao.
Nje, gizani,
mtu anasogeza mtungi.